Ushindani wa Madola Makubwa: Vita Huanzaje, na Nani Hulipa?

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), na ahli zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad.

Kila inapozuka vita duniani, maswali huwa ni yale yale, yakiulizwa barzani, baada ya Swalah, na siku hizi zaidi kwenye makundi ya simu ya familia. Nani yuko kwenye haki? Je, Muislamu amuunge mkono dola huyu kwa sababu anapigana na yule aliyewadhulumu Waislamu? Zipo nyumba visiwani kwetu ambamo ndugu wawili wa tumbo moja hawasemezani kwa ajili ya vita vya nchi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuzifika. Wapo pia vijana wanaokaa usiku kucha kutazama picha za mauaji na kushangilia kama wanaotazama mpira.

Suala hili linataka utulivu. Tulitazame kwanza katika Qur-aan, kisha katika historia yetu wenyewe, halafu turudi kwenye khabari za leo.

Somo la Suratur-Ruum

Muislamu hakatazwi kufuatilia mambo ya dunia. Katika Qur-aan ipo Suwrah nzima yenye jina la dola, nayo ni Suratur-Ruum. Mwanzo wake Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Anatoa khabari ya kushindwa Warumi katika ardhi iliyo karibu, na Anaahidi kwamba watashinda baada ya miaka michache, na siku hiyo Waumini watafurahi.

Khabari hiyo ilihusu vita vya Warumi wa Mashariki na Wafursi vilivyoanza mwaka 602 Miladia na kumalizika 628, yaani miaka 26. Wafursi waliiteka Damascus mwaka 613, na Baytul-Maqdis mwaka 614. Makka, Maquraysh walifurahi kwa sababu Wafursi walikuwa waabudu moto, karibu na ushirikina wao, na Waislamu walisikitika kwa sababu Warumi walikuwa Ahlul-Kitaab. Imepokewa kwamba Abu Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliwekeana sharti na mmoja wa mushrikina kuhusu ushindi huo, na hilo lilikuwa kabla ya kuharamishwa kamari. Ahadi ya Allaah ikatimia: Hiraqli, mfalme wa Warumi, aliwavunja Wafursi karibu na Ninawa mwishoni mwa mwaka 627, na mwaka uliofuata Kisra wao aliuawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo hatulitilii maanani. Baina ya madola hayo mawili waliishi Waarabu. Ghassaan, upande wa Shaam, walikuwa chini ya Warumi. Manaadhira wa Hira, upande wa Iraq, walikuwa chini ya Wafursi. Hawa walikuwa Waarabu na wale Waarabu, lugha yao moja na nasaba zao zinakutana, lakini kwa miaka mingi walichinjana jangwani ili kulinda mipaka ya mabwana zao. Na malipo yao yalikuwa nini? Nu'maan bin Mundhir, mfalme wa Hira, alikamatwa na kuuawa na Kisra yule yule aliyekuwa akimtumikia. Dola kubwa likimaliza haja na kibaraka wake, hutafuta mwengine.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, si Waislamu walifurahi Warumi waliposhinda? Basi kuna ubaya gani na sisi kuchagua upande?" Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika Siyrah. Walifurahi, naam, lakini hawakujiandikisha katika jeshi la Hiraqli, wala hawakuidhania Roma kuwa ni mlinzi wa dini yao. Furaha yao ilikuwa kwa ahadi ya Allaah kusadikika. Kisha mwaka wa 8 Hijriyyah, mwaka mmoja tu baada ya Warumi kuwamaliza Wafursi, Waislamu wakakabiliana na jeshi la Warumi na vibaraka wao wa Kiarabu huko Mu-tah, na wakafa shahidi Zayd bin Haarithah, Ja'far bin Abi Twaalib na 'Abdullaah bin Rawaahah (Radhwiya Allaahu 'anhum). Dola ulilolifurahia jana linaweza kukuelekezea upanga kesho, kwa sababu halikupigana kwa ajili yako hata siku moja.

Zanzibar mezani pa wakubwa

Sasa tuje kwetu, kwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Mwaka 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alipita Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami akikusanya alama na saini za machifu katika karatasi zilizoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazitia karatasi hizo chini ya ulinzi wake. Sayyid Barghash bin Said alipinga, kwa kuwa sehemu hizo alizihesabu kuwa ni zake. Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Muingereza, aliyekuwa akijiita rafiki na mshauri wake, alimshauri akubali. Alikuwa na hesabu zake na Mjerumani huko Ulaya, na Zanzibar haikuwa na uzito wa kumfanya azivuruge.

Mwaka 1886 Muingereza na Mjerumani wakakubaliana baina yao kwamba Sultani abaki na visiwa vya Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Bara nyuma ya ukanda huo wakagawana. Wapwani walipokataa mwaka 1888 chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim al-Harthi, Wajerumani walileta jeshi, na Abushiri akanyongwa Pangani Disemba 1889.

Halafu tarehe 1 Julai 1890 ukatiwa saini Berlin ule mkataba ambao watoto wetu huusoma skuli. Mjerumani akakubali Unguja na Pemba ziwe himaya ya Muingereza na akaiacha Witu, na Muingereza akampa Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini. Ukanda wa pwani ya Tanganyika pamoja na Mafia ukachukuliwa na Mjerumani, na Sultani akalipwa marka milioni 4. Watu husema Zanzibar "ilibadilishwa" na Heligoland. Ukitazama vizuri utaona kwamba Muingereza alitoa kisiwa alichokuwa nacho, na Mjerumani alitoa madai tu juu ya nchi isiyokuwa yake. Sultani wa Zanzibar hakuwa miongoni mwa waliotia saini.

Mkataba ule ulisifiwa kuwa ni kazi ya amani, mataifa mawili makubwa yamemaliza ugomvi wao kwa kalamu bila ya risasi. Tuuweke akilini, kwani tutaurejea.

Agosti 1896 alipofariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia kasrini bila ya idhini ya Muingereza. Tarehe 27 Agosti manowari za Kiingereza zikalipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Sayyid Khalid akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, nao wakamsafirisha mpaka Dar es Salaam wakamweka huko. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya Uislamu wala ya Zanzibar. Mtu anayedai kiti cha ufalme ni karata, na mchezaji mzuri haitupi karata yake. Waingereza walimkamata mwaka 1916 katikati ya vita, wakampeleka uhamishoni St Helena na kisha Shelisheli. Baadaye alirudishwa Mombasa, akafariki huko mwaka 1927. Mkumbuke Nu'maan bin Mundhir mfananishe.

Khofu inavyozaa vita

Turudi Ulaya, maana ndiko ugomvi wenyewe ulikokuwa.

Baada ya 1890 Ujerumani iliendelea kukua kwa viwanda, biashara na watu. Ikaona kwamba taifa kubwa haliwi kubwa bila ya jeshi la majini, ikapitisha sheria za kujenga manowari mwaka 1898 na 1900. Kwa Wajerumani hiyo ilikuwa ni kinga ya biashara yao. Kwa Waingereza, wanaoishi kisiwani na kuletewa chakula kwa meli, ilikuwa ni kisu shingoni. Mwaka 1906 Muingereza akazindua Dreadnought, manowari iliyozifanya zote zilizotangulia zionekane kuukuu. Mjerumani naye akajenga za namna hiyo. Muingereza akaongeza. Kila mmoja akisema, na huenda akiamini, kwamba anajilinda tu.

Huu ndio mlango wa kwanza wa vita: khofu. Silaha ninayoiita mimi ngao, jirani yangu huiona mkuki, na yake hali kadhalika. Hapahitaji hata mmoja wetu awe ameazimia uovu. Inatosha kila mmoja amdhanie mwenzake vibaya na awe na fedha za kuigeuza dhana yake kuwa chuma. Na dini yetu imetutahadharisha na dhana baina ya mtu na mtu. Sasa fikirini dhana baina ya madola yenye mizinga.

Mlango wa pili ni minyororo ya mikataba. Ujerumani, Austria-Hungary na Italia walifungamana mwaka 1882. Uingereza ilipatana na Ufaransa mwaka 1904 na Urusi mwaka 1907. Kila mmoja alitafuta rafiki ili awe na amani, na matokeo yake ugomvi wa mmoja ukawa ugomvi wa wote.

Mlango wa tatu ni kuzifanya nchi dhaifu kuwa sarafu. Ujerumani na Ufaransa zilikaribia kupigana mara mbili juu ya Morocco, nchi ya Waislamu, mwaka 1905 na mwaka 1911. Ugomvi wa 1911 ulimalizwa kwa Mfaransa kuachiwa Morocco na Mjerumani kukatiwa kipande cha Kongo ya Mfaransa. Si Wamorocco walioulizwa, wala si watu wa Kongo.

Mlango wa nne ni kughurika. Wengi waliamini vita vikubwa haviwezekani tena kwa sababu mataifa haya yanafanya biashara pamoja, na wafalme wao ni jamaa. Ni kweli kwamba Mfalme George wa Tano wa Uingereza na Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani wote walikuwa wajukuu wa Malkia Victoria, na kwamba mke wa Mfalme wa Urusi alikuwa mjukuu wa malkia huyo huyo. Vilipokuja vita, ujamaa haukuzuia kitu. Na vilipoanza, wengi waliamini vitakwisha kabla ya mwaka kumalizika.

Tarehe 28 Juni 1914 kijana wa Kiserbia alimuua mrithi wa ufalme wa Austria-Hungary mjini Sarajevo. Austria ikaitangazia vita Serbia tarehe 28 Julai. Urusi ikainuka kwa ajili ya Serbia, Ujerumani ikaitangazia vita Urusi na kisha Ufaransa, na majeshi yake yalipoingia Ubelgiji, Uingereza ikaingia vitani tarehe 4 Agosti. Kutoka risasi ya Sarajevo mpaka hapo zilipita siku 37. Mauaji ya mtu mmoja hayangeweza kuichoma dunia kama kuni hazikuwa zimekwisha pangwa kwa miaka 30.

Vita vya watu, misiba yetu

Sasa turejee kwenye ule mkataba wa amani wa 1890. Haikupita hata miaka 25. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilitoka katika delta ya Rufiji ikaja mpaka bandari ya Unguja, ikaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imesimama kwa matengenezo, ikaipiga mpaka ikaangamia. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yapo mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji. Wale wawili waliogawana nchi yetu ili wasipigane, walikuja kupigana nasi tukitazama madirishani.

Hapa pana funzo kubwa la kisiasa. Wakubwa wanapopatana kwa kuwagawa wanyonge, ugomvi wao haujaisha, umeahirishwa tu. Dhulma haizai amani, kwa sababu aliyekula kipande cha jana atataka cha leo, na vipande vina mwisho.

Kwa Afrika Mashariki vita vile vilikuwa ni msiba mkubwa. Novemba 1914 Muingereza alileta Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka Bara Hindi, nalo likashindwa na askari wa Kijerumani, ambao sehemu kubwa yao walikuwa ni Waafrika. Ikafuata miaka minne ya kufukuzana mwituni. Bara hakukuwa na barabara, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o, basi mizigo ikabebwa vichwani. Mamia ya maelfu ya wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi kwa nguvu, na waliokufa kwa njaa, homa na kuhara ni makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Muingereza. Tunakwenda kununua vitambaa mahali penye jina la msiba, na wengi hatujui. Vijiji vilichukuliwa chakula chao na pande zote mbili, njaa ikaingia, na mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikamalizia waliobaki. Kamanda wa Kijerumani alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kuacha kupigana, na maisha yakampeleka kwao. Wapagazi walio wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Dini ilipofanywa silaha

Nimeiacha nukta hii mwisho wa historia kwa sababu ndiyo inayotugusa zaidi sisi watu wa dini.

Mwaka 1898 Kaizari Wilhelm alizuru kaburi la Swalaahud-Diyn Damascus, akajitangaza mbele ya watu kuwa ni rafiki wa Waislamu milioni 300 wa duniani. Miaka michache baadaye, 1905 hadi 1907, jeshi la Kaizari huyo lilizima vita vya Majimaji kusini mwa Tanganyika kwa kuchoma mashamba na maghala, na waliokufa, wakiwemo Waislamu wengi, inakadiriwa ni kati ya 75,000 na 300,000. Urafiki ule ulikuwa wa hotuba.

Novemba 1914, baada ya dola ya Uthmaaniyyah kuingia vitani upande wa Ujerumani, ilisomwa Istanbul fatwa ya jihaad dhidi ya Waingereza, Wafaransa na Warusi. Wajerumani waliipenda sana fatwa hiyo na wakaisambaza, pamoja na huku kwetu. Kafiri wa upande huu alipigwa jihaad, na kafiri wa upande ule alikuwa mshirika. Kwa upande mwengine, Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar aliwahimiza Waislamu wa Afrika Mashariki wabaki watiifu kwa Muingereza. Basi Muislamu wa Dar es Salaam aliambiwa kwamba dini inamtaka awe na Kaizari, na ndugu yake wa Unguja akaambiwa awe na Mfalme George. Bahari baina yao ni ya safari ya usiku mmoja kwa jahazi.

Wakati huo huo Mfaransa alikuwa akipeleka mstari wa mbele Waislamu wa Algeria, Tunisia, Morocco na Senegal, na Muingereza Waislamu wa Punjab. Waarabu wa Hijaz wakaahidiwa na Muingereza ufalme wao ikiwa watawaasi Waturuki. Mwaka 1916, huku ahadi hiyo ipo, Muingereza na Mfaransa wakagawana Shaam na Iraq kwa siri, na tarehe 2 Novemba 1917 ikatolewa ile ahadi ya Balfour kuhusu Palestina, nchi ambayo wakaazi wake hawakuulizwa. Dhulma tunayoililia Palestina leo ina mizizi katika ushindani ule ule ulioizamisha Pegasus bandarini kwetu. Na tarehe 3 Machi 1924 Khilaafah yenyewe ikafutwa. Hakuna Waislamu wa upande wowote waliopata walichoahidiwa.

Leo ni kama jana?

Hatusemi kwamba historia hujirudia herufi kwa herufi. Ghaibu Anaijua Allaah pekee. Lakini milango ile minne iko wazi, na kila mwenye macho anaiona.

Marekani na China zinashindana kwa biashara, bahari, viwanda na silaha, na kila mmoja anasema anajilinda. Urusi na nchi za Magharibi zimefikishana pabaya juu ya Ukraine tangu mwaka 2022. Jirani zetu wa Jibuti, nchi ndogo ya Kiislamu kwenye mlango wa Baabul-Mandab, wana kambi za kijeshi za Marekani, Ufaransa, Japani na Italia, na tangu mwaka 2017 ya China pia. Wote hao ndani ya nchi moja ndogo, na kila mmoja anasema amekuja kwa ajili ya usalama wa meli.

Sudan imo katika moto tangu tarehe 15 Aprili 2023. Wanaopigana ni Waislamu na Waislamu, mamilioni wamehama makwao, na silaha zinaendelea kuingia kutoka nje kwa wenye tamaa ya dhahabu, ardhi na bandari za Bahari ya Shamu. Ghassaan na Manaadhira hawajaisha. Wazee wetu walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na panzi wa leo wanauziwa na kunguru mabawa ya chuma wapate kupigana zaidi.

Na sisi visiwani, tunaoagiza kutoka nje mchele, unga wa ngano na mafuta, hatuko mbali. Ukraine na Urusi ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani, na kila mama wa nyumba anakumbuka bei ya mkate na ya mafuta ya kupikia ilivyokuwa mwaka 2022. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha njia ya Bahari ya Shamu zikazunguka kusini mwa Afrika, na gharama ya mzunguko huo hulipwa na mnunuzi wa mwisho.

Afanye nini Muislamu?

Kwa mtazamo wangu, na Allaah Anajua zaidi, mambo haya yanatuwajibikia.

Kwanza, kutofautisha baina ya mdhulumiwa na dola linalojidai kumtetea. Kumnusuru aliyedhulumiwa ni wajibu, kwa du'aa, kwa kauli ya haki na kwa mali kupitia njia za amana. Lakini kumpenda mdhulumiwa hakukulazimishi kulipigia debe dola lenye maslahi yake. Haki ya watu wa Palestina au ya Sudan haipimwi kwa nani ana makombora mengi.

Pili, uadilifu. Katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 8, tumeamrishwa kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Raia asiye na hatia akiuawa na unayemshabikia, ni dhulma ile ile. Kushangilia maiti za watoto wa upande wowote si katika adabu za Kiislamu.

Tatu, kuthibitisha khabari. Suratul-Hujuraat, Aayah ya 6, inatutaka tuchunguze. Picha nyingi zinazozunguka makundini ni za vita vyengine na miaka mingine. Anayezipeleka mbele bila ya kuzichunguza anashiriki katika uwongo, hata kama nia yake ni njema.

Nne, kuwalinda vijana wetu. Vijana kutoka nchi kadhaa za Afrika wamefia katika vita vya Ukraine, baadhi wakiwa wamevutwa kwa ahadi za kazi na mishahara. Mzazi, mwanao akipata ghafla "kazi ya ulinzi" nje yenye pesa nyingi na maelezo machache, uliza na uulize tena. Na anayemwambia kijana kwamba vita vya dola fulani ni jihaad, mkumbusheni fatwa ya 1914 na mumuulize nani alifaidika nayo.

Tano, wafanya biashara wamche Allaah. Kuficha bidhaa ghalani ili bei ipande kwa sababu ya khabari za vita ni ihtikaar, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amebainisha kwamba mwenye kufanya hivyo ni mkosa. Tusiwe sisi wenyewe mkono wa pili wa vita juu ya maskini wetu.

Sita, sulhu ianzie kwetu. Aayah ya 9 ya Suratul-Hujuraat inatuamrisha kupatanisha Waumini wanapopigana. Sisi hatuna manowari za kuwazuia wakubwa, lakini tunaweza kumzuia dola mgeni asipate pa kuingilia, na anapoingilia daima ni kwenye ufa wa ndugu waliogombana. Ufalme wa Zanzibar ulipogombaniwa kasrini mwaka 1896, mizinga ilikuwa tayari imesubiri baharini. Basi wale ndugu wawili wasiosemezana kwa ajili ya vita vya watu, wapelekeeni mtu mzima wa kuwapatanisha leo kabla ya kesho.

Tunamuomba Allaah Awaondolee dhiki ndugu zetu wa Palestina, Sudan, Yemen na kila mahali pa dhulma, Aviepushe visiwa vyetu na fitnah za dhahiri na za siri, na Atujaalie tuwe watu wa haki na suluhu.

Wa biLlaahit-tawfiyq.